Hema la Kuchagua Mwenyewe: Namna ya Kupata Mahali Pazuri pa Kulala Nje Kule Norwei, Uswidi na Ufini

Mwezi huu tunaongea jambo ambalo wengine watacheka: kulala kwenye hema kwa kupenda. Ndiyo, kwa kupenda! Mtu ana nyumba yake, ana kitanda, ana maji ya bomba, halafu siku ya Ijumaa anabeba tenti mgongoni anaenda kulala porini. Jumapili anarudi nyumbani amefurahi, na anasema amepumzika.

Kwa nini tunaandika habari hii hapa Nakivale? Kwa sababu kuna familia za kwetu zilizopelekwa kuishi nchi za kaskazini mwa Ulaya, yaani Norwei, Uswidi (wengi tunaiita Sweden) na Ufini. Wengine bado wanangoja jibu. Na huko jambo hili linaanzia shuleni. Norwei kuna kitu kinaitwa leirskole, maana yake shule ya kambini. Darasa zima linaondoka na walimu, wanalala siku kadhaa mlimani, msituni au kando ya bahari. Wanajifunza kusoma ramani, kupika nje, kupiga kasia. Barua inafika nyumbani: mtoto alete mfuko wa kulalia, soksi za sufu, koti la mvua. Mzazi anaona neno "kambi", anaona neno "hema", na moyo unaruka.

Tunaelewa. Kwetu sisi hema si mchezo. Hema ni usiku wa kwanza baada ya kuvuka mpaka. Ni shitingi inayopigwa na upepo, ni maji yanayopita chini ya mkeka, ni mtoto anayekohoa hadi asubuhi. Mzazi aliyepita hapo anaweza kusema: "Mwanangu hatalala tena kwenye hema mimi nikiwa hai." Ni neno la uchungu na tunaliheshimu. Lakini mtoto akibaki nyumbani wakati wenzake wote wameenda, wakirudi watakuwa na hadithi zao na yeye hayumo. Na mtoto mgeni, mwenye lugha ya kubahatisha, ndiye anayehitaji hadithi hizo kuliko wote.

Tofauti kubwa ni moja. Mkimbizi hachagui mahali pa hema, anaonyeshwa. Mtu wa matembezi anachagua. Kwa hiyo tumeona tuandike juu ya kuchagua.

NANI ANARUHUSU?

Swali la kwanza la mtu wa kwetu ni hili: ardhi hiyo ni ya nani, na nani ametoa ruhusa? Huku tunajua ploti inatolewa na OPM, na ukigusa shamba la mwenyeji kesi inaanza. Hata Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambayo ni jirani yetu, ina mahali maalumu pa kupiga hema, na unalipa kwanza.

Norwei wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea na kulala katika ardhi isiyolimwa: misitu, milima, pwani, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe. Masharti yanaeleweka. Hema likae angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda chenye watu. Usikae zaidi ya usiku 2 mahali pamoja bila kumwomba mwenye ardhi, isipokuwa milimani au mbali sana na watu. Shamba lililolimwa, bustani na uwanja wa nyumba ya mtu ni marufuku.

Uswidi haki hiyo imeandikwa ndani ya katiba tangu 1994. Wao hawakuweka hesabu ya mita, bali desturi ni usiku mmoja au 2, mbali na nyumba, na usiharibu kitu. Ufini ni karibu sawa. Denmark ni tofauti: huwezi kupiga hema popote, bali kwenye misitu na sehemu zilizotengwa. Pia hifadhi za taifa katika nchi hizo zinaweza kuwa na masharti yao, basi soma kibao pale mlangoni.

Jambo lililotugusa ni kwamba haki hii haiulizi pasipoti. Haiulizi wewe ni mwenyeji au umefika juzi, una kazi au huna. Mtu aliyeishi miaka mingi akiomba kibali cha kila kitu, huko anaweza kulala chini ya mlima mzuri na asiwe amemkosea mtu yeyote.

UZURI UKO WAPI?

Sehemu zinazosifiwa ni nyingi. Lofoten ni visiwa vya kaskazini mwa Norwei, ambako milima inasimama wima moja kwa moja kutoka baharini. Jotunheimen ni hifadhi ya taifa tangu 1980, na katika milima hiyo kuna Galdhøpiggen, mrefu kuliko yote Norwei, mita 2,469. Sisi wa Uganda tusitishike na urefu huo, maana kilele cha Rwenzori kina mita 5,109! Lakini huko baridi inaanza chini kabisa. Uswidi kuna Abisko, hifadhi ya tangu 1909. Ufini kuna Nuuksio, karibu na mji mkuu Helsinki, yenye misitu na maziwa madogo mengi.

Si lazima kwenda mbali. Mjini Oslo unapanda treni ya mjini, unashuka Sognsvann mwisho wa njia, na msitu unaanza hapo hapo. Ila ujue kwamba ziwa jingine la karibu, Maridalsvannet, ndilo maji ya kunywa ya mji. Kuoga humo na kupiga hema kando yake hairuhusiwi.

Kuna pia uzuri wa mwanga. Kule Tromsø jua halizami kabisa kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai. Saa sita usiku unasoma gazeti nje. Kwa mtoto anayeogopa giza la porini, hiyo ni zawadi. Lakini beba kitambaa cha kufunika macho, la sivyo hakuna atakayelala.

JICHO LA UZURI NA JICHO LA USALAMA

Mahali pazuri kwa kutazama si lazima pawe pazuri kwa kulala. Hapo wazazi wetu wana elimu ambayo hawajui kama wanayo. Aliyejenga Nakivale ameshajifunza kuangalia maji yanapita wapi mvua ikinyesha, upepo wa mchana unatoka upande gani, siafu wako wapi. Elimu hiyo hiyo inatumika kule. Tunaongeza mambo machache ya nchi ya baridi.

1. Maji. Usipige hema ndani ya mkondo mkavu wala kwenye majani yaliyolala upande mmoja, maana maji yalipita hapo. Mito inayotoka kwenye barafu huongezeka mchana na jioni, jua likishayeyusha barafu. Kando ya bahari angalia mstari wa takataka na mwani: maji yanafika hapo.

2. Bonde. Huku tunapenda bonde kwa sababu lina rutuba. Kule usiku hewa baridi inashuka na kulala chini bondeni. Panda kidogo, hata mita chache, utasikia tofauti. Milimani hata mwezi wa Julai usiku unaweza kushuka karibu na digrii 0.

3. Upepo. Kileleni mwa kilima unaona mbali, lakini upepo hauna huruma. Tafuta mgongo wa jiwe kubwa au kichaka, na mlango wa hema uangalie upande usio na upepo.

4. Juu ya kichwa. Kabla ya kufungua mzigo inua macho. Kuna mti mkavu? Kuna mawe yaliyolegea, au theluji juu ya mteremko? Ondoka hapo, hata kama umechoka.

5. Chini ya mgongo. Baridi nyingi inatoka ardhini. Bibi zetu walitandika majani chini ya mkeka, na walikuwa na akili. Kule wanatumia godoro jembamba la kukunja. Blanketi 2 juu bila kitu chini hazisaidii.

6. Moto. Hapa ndipo mtu wa kwetu anaweza kupata matatizo. Norwei, kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba, kwa kawaida hairuhusiwi kuwasha moto msituni au karibu nao. Ufini moto wa kuni unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, lakini kuna sehemu nyingi zilizojengwa kwa ajili ya moto. Uswidi angalia tangazo la wilaya wakati wa kiangazi, na usiwashe juu ya mwamba mtupu, maana mwamba unapasuka na haurudi. Wengi wanabeba jiko dogo la gesi. Jiko hilo, na moto wowote, usiingize ndani ya hema: hewa yake inaua kimya kimya, kama sigiri ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa.

7. Wadudu na wanyama. Mbu wapo, na kaskazini wakati wa kiangazi ni wengi ajabu. Lakini hawaleti malaria. Mwenye shida ni kupe. Wengine wanabeba magonjwa, basi jioni kagua mwili wa mtoto: kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Dubu ni wachache na wanamkimbia mtu. Hakuna kiboko wala chui wa kuwinda usiku, kwa hiyo hakuna haja ya boma la miiba.

8. Chakula cha porini. Matunda madogo ya msituni yanachumwa na watu wote. Uyoga, hapana, mpaka mjuzi wa pale aukague. Kuna aina inayofanana na uyoga wa kuliwa lakini inaharibu ini na kuua. Ujuzi wa uyoga wa Kivu au Burundi hausafiri.

Wanorwei pia wana kanuni 9 za mlimani wanazowafundisha watoto. Moja inasema wazi kwamba kugeuka na kurudi mapema si aibu. Na ikitokea hatari, Norwei piga 113 kwa daktari, 112 kwa polisi na 110 kwa moto. Uswidi na Ufini ni 112 kwa yote.

VIFAA BILA KUNUNUA

Usikope pesa kwa ajili ya safari ya shule. Norwei shule ya msingi ya serikali ni bure, na safari ya leirskole ni sehemu ya masomo, kwa hiyo wazazi hawalazimishwi kuilipia. Vifaa navyo vinaazimwa. Norwei kuna BUA, ambako unaazima hema, mfuko wa kulalia, hata viatu vya theluji. Uswidi kuna Fritidsbanken, iliyoanzia kijiji cha Deje mwaka 2013, inaazimisha hadi siku 14 bila malipo. Ni kama maktaba, tofauti ni kwamba badala ya kitabu unarudisha hema. Lirudishe likiwa kavu.

MZAZI AKIWA NA HOFU

Zungumza na mwalimu, usinyamaze na usikatae kwa barua tu. Sisi walimu tunajua: mzazi akinyamaza, mwalimu anafikiri hajali. Uliza wazi. Wasichana na wavulana wanalala wapi? Chakula ni kipi, maana sisi hatuli nyama ya nguruwe? Nani atakuwa macho usiku? Kama mtoto anaota ndoto mbaya au anakojoa kitandani, mwambie mwalimu peke yake, kwa heshima. Hilo si aibu, ni jambo la kupangwa. Mtoto anaweza kulala karibu na mtu mzima, au kwenye kibanda badala ya hema. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Wengine waliozaliwa hapa Juru hawakumbuki vita, na hofu ya hema ni ya mzazi, si yao.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Hata kama hamwendi popote, jambo hili lina faida. Jumamosi moja jioni pandeni kilima cha karibu, familia nzima, na jerikani ndogo ya maji na mahindi ya kuchoma. Kila mtoto achague mahali ambapo angepiga hema, halafu ajibu maswali matatu. Maji yatapita wapi? Upepo unatoka wapi? Asubuhi ukifungua mlango utaona nini?

Lile swali la tatu msiliruke. Usiku ule wa kwanza baada ya mpaka hakuna aliyetuuliza. Mtoto akijibu "nataka nione ziwa", mwacheni ageuze mlango wake upande wa ziwa.

Andikeni majibu ya watoto kwenye karatasi, hata kwa kalamu ya risasi, muyalete shuleni. Yaliyo mazuri tutayachapa mwezi ujao.

Walimu wa kujitolea, Juru