Kafyu Malava: Hema Utalipiga kwa Nani?

Barabara ya Kakamega–Webuye inapasua msitu wa Malava, kipande cha msitu wa asili kilichosalia baada ya mashamba kumeza sehemu kubwa ya eneo hili la magharibi mwa Kenya. Miti imefungamana, na tumbili hushuka hadi ukingoni mwa lami. Mpenda kambi akipita hapo hushawishika: akiingia hatua mia moja tu, nani atamwona? Siku za korona kishawishi kiliongezeka, maana msituni hakuna wa kumwambukiza.

Kisheria, siku hizo alikuwa amekwama mara mbili. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kukaa msituni bila idhini kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa katika hali maalumu, kama vile kupita kwenye barabara au njia inayotambuliwa. Kisha kuna Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyotumika kuweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi 2020. Kafyu hiyo ilimtaka mtu abaki ndani, katika makao yake ya kawaida au mahali palipoidhinishwa. Hema la kujificha halikuwamo katika hayo mawili. Kakamega ilibanwa zaidi Juni 2021, virusi vya aina ya Delta vilipotapakaa magharibi mwa nchi: ikawa miongoni mwa kaunti 13 zilizofungiwa saa moja jioni, ilhali kwingine watu walikuwa na hadi saa nne usiku. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, lakini sheria hizo hazikwenda nayo.

Nje ya msitu, Malava hakuna pori. Kila kipande kina mwenyewe, hata kile chenye vichaka. Shamba la miwa linaficha hema vizuri sana, na hapo ndipo hatari ilipo: nyoka hufuata panya humo, na moto wa miwa mikavu haumsubiri mtu atafute zipu gizani. Dereva wa trekta naye hategemei kukuta mtu amelala kati ya mistari.

Kwa hiyo mimi humshauri mtu abishe hodi. Omba nafasi uani, kisha mwenyeji akupeleke kwa liguru, mzee wa kijiji, ukiwa na kitambulisho chako. Wakati wa kafyu mgeni asiyejulikana hutiliwa shaka haraka, na ruhusa ya mwenye boma pekee haitoshi: liguru au chifu ndiye atakayekuambia kama kulala hapo kunakubalika. (Jiandae pia kwa jirani atakayeona hema na kuja kuuliza nani amefariki, akidhani ni hema la matanga.)

Kiafya, uani panashinda vyumba vingi vya kulala wageni. Virusi vya korona husafiri hewani na hujikusanya ndani ya chumba kilichofungwa. Nje upepo huvitawanya. Kinachokuponza ni ukarimu. Mama mwenye boma hatakubali ulale na biskuti. Atakuita sebuleni, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, watu wanane wamezunguka ugali na kuku, na katika saa moja hiyo faida yote ya kulala nje imepotea. Pokea chakula kwa mikono miwili, ukaombe kiti chini ya mwembe au barazani. Ukieleza kwamba unamkinga nyanya wa hapo, hakuna atakayenuna.

Usisahau mbu. Kakamega imo katika ukanda wa malaria wa Ziwa Viktoria, na homa ya malaria huweza kuanza kama ya korona: mwili moto, kuumwa kichwa, uchovu. Funga wavu wa hema kabla jua halijazama, na homa ikikushika baada ya safari, pimwa yote mawili.

Asiyetaka uani mwa mtu ana Buyangu, kando ya barabara hiyohiyo ya Kakamega–Webuye, ambako Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina uwanja wa kambi ndani ya hifadhi ya msitu wa Kakamega. Piga simu kwanza, kwani masharti yakikaza hata lango hilo huweza kufungwa. Popote uendako, fika kabla ya alasiri. Mvua za huku hupenda kushuka wakati huo, na hema lililopigwa kwenye tope halina raha.