Je, Wajua? Picha ya Faragha Inaweza Kuzuiwa Mtandaoni Bila Kutumwa kwa Mtu Yeyote

Mwaka 2017, Facebook ilianza majaribio nchini Australia ya kuwasaidia watu waliohofia kusambaziwa picha zao za utupu. Mhusika alitakiwa aitume picha yenyewe kwa kampuni, mfanyakazi aliyefunzwa aitazame, ndipo iwekewe alama ya kuizuia. Nia ilikuwa njema, lakini mwanamke aliyekwisha kusalitiwa na mtu wake wa karibu alikuwa akiombwa ajifunue tena, safari hii mbele ya mgeni.

Desemba 2021 ukazinduliwa mfumo wa StopNCII, unaoendeshwa na SWGfL, shirika la hisani la Uingereza, kwa kushirikiana na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Humo picha haitoki kabisa kwenye simu ya mwenyewe.

Inawezekanaje? Picha, kama kidole, ina alama yake. Programu iitwayo PDQ huipunguza picha hadi pikseli 64 kwa 64, huondoa rangi, kisha hupima jinsi mwanga na kiza vinavyopishana. Kinachopatikana ni mfuatano wa tarakimu 256, kila moja ni 0 au 1. Mfuatano huo ndio pekee unaotumwa, nao ni mfupi mno kubeba sura ya mtu.

Mtu akijaribu kuipandisha picha hiyo kwenye Facebook, Instagram, TikTok au mtandao mwingine uliojiunga, alama hulinganishwa. Zikitofautiana kwa tarakimu chache tu, huhesabiwa kuwa picha ni ileile, hata kama imepunguzwa ukubwa. Mtandao huhakiki, kisha huizuia. Picha bandia zilizotengenezwa kwa akili mnemba nazo hupokelewa.

Ubora wa mfumo huu hauko kwenye hesabu peke yake. Mhusika hatakiwi kueleza upya yaliyomsibu wala kujitetea kwa nini alipiga picha. Hupewa namba ya kesi na namba ya siri, akafuatilia mwenyewe, na akitaka, akaondoa ombi lake. Ukatili wa aina hii humpokonya mtu uamuzi juu ya mwili wake. Msaada wa kweli huanza kwa kumrudishia uamuzi huo.

Mipaka ipo. Kampuni ambazo hazijajiunga hazibanwi, ujumbe wa siri wa WhatsApp haufikiwi, na picha iliyokatwa sana inaweza kupenya. Mfumo ni wa waliotimiza miaka 18. Walio chini ya umri huo wana huduma iitwayo Take It Down, ya kituo cha NCMEC cha Marekani.

Ukitishiwa, hofu itakusukuma uifute picha haraka. Usiifute kwanza: bila picha, alama haitengenezeki. Hifadhi pia ujumbe wa vitisho, kwani ni ushahidi. Na ujue kwamba aibu yote ni ya anayesambaza.