Nyuklia ya Buyende haitatosha bila soko la ng'ambo

NKOMA, Mbale. Mwenye mashine ya kusaga mahindi hapa Nkoma hahesabu megawati. Anahesabu magunia yaliyokwama umeme ulipokatika, huku lori la kwenda Malaba likingoja na dereva akidai malipo ya siku ya pili. Fundi wa kuchomelea naye huwasha jenereta, na dizeli hiyo huishia kwenye bei ya geti anayomuuzia mteja.

Ndiyo maana mpango wa kinu cha nyuklia cha Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, unawahusu. Awali serikali ilitangaza megawati 2,000, na 1,000 za kwanza zilipangiwa mwaka 2031. Tarehe hiyo ni ya matumaini zaidi kuliko hesabu, kwani vinu vya aina hii huchelewa hata katika nchi zenye uzoefu.

Sababu ya kuvitaka inaeleweka. Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe Jinja mwaka 1954, Uganda imeegemea mto mmoja. Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, yote yako juu ya Nile. Maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka mwaka 2005 na 2006, mgao wa umeme uliwabana watu vibaya. Nyuklia haisubiri mvua kiasi hicho, ingawa nayo inahitaji maji ya kupoozea mitambo.

Lakini umeme unaokatika Nkoma leo haukatiki kwa uhaba wa mabwawa. Baada ya Karuma kuzinduliwa mwaka 2024, uwezo wa nchi ulipita megawati 2,000, na hata jioni, watu wote wanapowasha taa, hutumika karibu nusu tu. Kasoro iko kwenye nguzo, nyaya na transfoma zilizozidiwa. Kazi hiyo ni ya UEDCL, iliyoichukua kutoka Umeme mwaka 2025, na hakuna kinu cha Buyende kitakachoifanya.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi takriban sehemu ya kumi ya gridi nzima. Mtambo wa megawati 1,000 kwenye gridi ya Uganda ni sawa na mfanyabiashara aliyepakia mtaji wote kwenye lori moja: likiharibika njiani, duka limefungwa. Ukizimika ghafla, nchi nzima inaweza kubaki gizani.

Dawa yake ni kuunganisha gridi na majirani. Umeme wa Jinja ulianza kuuzwa Kenya tangu miaka ya 1950, kupitia Tororo, na Kenya hutumia takriban mara mbili ya Uganda. Ila Kenya nayo inataka kinu chake. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walikipinga, na sasa macho yameelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Nchi mbili zikijenga kila moja peke yake, umeme wa ziada utakosa mnunuzi, na deni la ujenzi litalipwa na mwenye mita. Mkataba wa kuuziana ungefaa uandikwe kabla zege halijamwagwa.