Kutu Haiponi kwa Rangi

Watu wa nchi ya shaba waona kila siku jinsi madini mawili yanavyozeeka kwa namna mbili. Shaba ikikaa nje miaka mingi hupata ngozi ya kijani, na ngozi hiyo huilinda shaba iliyo chini yake. Chuma sivyo. Kikipata maji na hewa hufanya kutu. Nayo kutu hubambuka, hushika unyevu, kisha hula chuma kilichobaki mpaka patokee tundu.

Katika Kolwezi, mji uliozaliwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, kutu haikosi chakula. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hujaa katika mikunjo ya motokaa. Mvua zijapo, vumbi hugeuka tope, likakaa humo na maji yake. Tena viwanda vya madini hutumia asidi ya salfa kutoa shaba katika mawe, na popote tone la asidi hiyo liangukapo juu ya chuma, chuma huliwa upesi.

Kazi iliyo ngumu kwa fundi wa mabati ni motokaa ndogo za mbio za zamani. Huenda mmesikia habari za Datsun 240Z, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Motokaa ya namna hiyo haina fremu nene chini yake kama lori. Bati lake lenyewe, lenye unene wa karibu milimita 1 tu, ndilo mifupa yake. Mhimili wa chini ya mlango ukioza, motokaa nzima imepoteza nguvu, nayo ikigongwa itajikunja juu ya waliomo. Ndivyo zilivyo pia motokaa nyingi ndogo zinazobeba jamaa zetu leo.

Basi, hapo ndipo fundi ajaribiwapo. Mwenye mali humwambia: "Jaza masitiki, paka rangi, nataka kuiuza Jumamosi." Masitiki hukauka, msasa hulainisha, rangi hung'aa. Lakini kutu i hai chini yake, na baada ya majira moja ya mvua rangi huvimba na kupasuka. Wakati huo fedha za mnunuzi zimekwisha kwenda.

Fundi mwaminifu afanyaje? Kwanza huondoa betri na tangi la petroli, asije akawasha moto. Hugongagonga na kukwaruza mpaka ajue mwisho wa uozo. Kisha hukata, wala hakati kutu tu, bali huendelea mpaka afikie bati zima lenye kung'aa. Hukata kiraka cha unene ule ule, hukikunja kwa nyundo kifuate umbo la zamani, akakichomelea kwa nukta ndogo ndogo, mara huku, mara kule, ili joto lisilipinde bati. Mwishowe hupaka rangi ya zinki ya kuzuia kutu, ndani na nje, na kuzibua vitundu vya chini vya kutolea maji. Masitiki huja mwisho, nyembamba, kwa kusawazisha tu.

Nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, jihadharini. Msikate kamwe kwa moto pipa lililokuwa na petroli, hata likionekana tupu, kwa maana mvuke uliobaki hulipuka na kuua. Pipa la asidi nalo ni hatari, kwani asidi ikila chuma hutoa gesi iwakayo. Bati la nyumba lenye zinki likichomwa hutoa moshi uletao homa. Ondoeni zinki kwanza, mfanye kazi penye hewa. Tena macho hayanunuliwi sokoni: vaeni miwani.

Nawe baba utakaye kununua motokaa kuukuu, chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa, uipitishe juu ya bati. Ikikataa kushika mahali, huenda pana masitiki nene. Inama utazame chini, gonga kwa kidole, usikilize. Usione haya mbele ya muuzaji.

Twajifunza katika Katekisimu kwamba amri ya saba yakataza wizi, na amri ya tano yakataza kuua. Afichaye kutu katika mhimili wa motokaa hujiweka karibu na zote mbili. Mtakatifu Yosefu naye alikuwa fundi. Kazi yake ilifanywa mbele ya macho ya Mungu. Hata dhambi haiponi kwa kupakwa rangi. Huletwa nuruni, hukatwa, ndipo mtu hutengenezwa upya. Fundi akatae basi fedha ya Jumamosi, apate kulala usingizi mwema, akijua kwamba watoto wa mtu mwingine wasafiri salama ndani ya kazi ya mikono yake.