Mashine ya Droo ya Kuoshea Vyombo: Mikono, Maji ya Moto na Umio wa Mtoto

Swali la iwapo mashine ya kuoshea vyombo inafaa kwa afya ya familia limeanza kusikika katika kliniki zetu. Huulizwa na mama mwenye ukurutu wa mikono usiopona, na mzee ambaye magoti na kiuno havimruhusu tena kusimama kwenye sinki. Huulizwa pia na mabinti wa Afrika Mashariki wanaorejea likizo kutoka Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako huitumia mashine hii kila siku katika nyumba za waajiri wao, na si wote waliopata maelekezo yake kwa lugha wanayoisoma. Makala hii inahusu zaidi mashine yenye umbo la droo, kwa kuwa umbo hilo lina manufaa yake na pia lina hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji.

Mashine yenyewe si uvumbuzi wa jana. Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipewa hataza ya mashine yake mwaka 1886, na mwaka 1893 ilioneshwa katika maonesho makubwa ya Chicago. Kwa karibu karne nzima iliyofuata umbo lililozoeleka majumbani likawa kabati lenye mlango unaoangukia mbele na matandiko mawili ya waya ndani yake. Mwaka 1997 kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand ilileta umbo jingine: droo inayovutwa kama mtoto wa meza, nayo yenyewe ndiyo beseni la kuoshea. Droo ikisukumwa ndani, mfuniko hushuka juu yake na kuziba. Mkono wenye matundu ulio chini huzunguka na kurusha maji ya moto yenye sabuni kuelekea juu. Kisha maji machafu hupita kwenye chujio na kutolewa. Mashine ikiwa na droo mbili, kila moja hujitegemea, hivyo moja huweza kuosha wakati nyingine imepumzika.

Manufaa ya mpangilio huo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Familia ya watu watatu haihitaji kusubiri siku mbili ili kabati zima lijae, huku masalia ya ugali na mchuzi yakikauka na mende wakialikwa usiku. Droo moja huchukua vyombo vya watu sita hivi na hutumia maji yasiyofika lita 10 katika programu ya kawaida, kiasi ambacho wengi wetu hukimaliza kwa kusuuza peke yake chini ya bomba lililoachwa wazi. Aidha, droo ya juu hufika usawa wa kiuno. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho, au kwa mtu mwenye maradhi ya uti wa mgongo, tofauti kati ya kuinama mara ishirini na kutoinama kabisa si jambo la anasa. Vyombo vizito na vya kila siku viwekwe droo ya juu, na vile vya wageni droo ya chini.

Kuhusu usafi, nguvu ya mashine inatokana na mambo mawili ambayo mikono haiyawezi: joto na ukali wa sabuni. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, ilhali kwa mashine ni jambo la kawaida. Kiwango cha Marekani kiitwacho NSF/ANSI 184 kinataka mashine ya nyumbani inayodai kuua vijidudu ifikishe maji ya suuzo la mwisho nyuzi joto 66 na ipunguze bakteria kwa asilimia 99.999. Si kila programu hufika huko. Programu ya haraka na ile ya kubana umeme huosha kwa joto la chini, nazo zinatosha kwa bilauri za juisi. Ubao uliokatiwa kuku mbichi au chupa ya mtoto mchanga vinahitaji programu ya joto la juu. Faida nyingine ni kwamba sponji haihusiki tena. Sponji iliyolowa mchana kutwa kando ya sinki, ikifuta sahani ya huyu kisha kikombe cha yule, ni makazi mazuri mno ya bakteria.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, vyombo hubaki katika maji vuguvugu yenye mabaki ya chakula, hali inayowapendeza bakteria. Ukirudi baada ya saa kadhaa, programu ianzishwe upya tangu mwanzo, hata kama vyombo vinaonekana safi. Vilevile mashine haibadilishi maji mabaya kuwa mazuri. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi na chokaa, kama yalivyo katika visima vingi vya pwani, huacha utando mweupe na hupunguza nguvu ya sabuni. Ndiyo sababu baadhi ya mashine zina chumba cha chumvi maalumu cha kulainisha maji. Utando huo haudhuru afya. Sufuria za alumini huwa nyeusi zikioshwa na sabuni hii, na miiko, mbuzi ya nazi, kinu na vyungu vya udongo visiingizwe kabisa, kwa kuwa mti hupasuka na udongo hunywa sabuni.

Droo mbili zimezaa desturi moja ambayo sharti tuikemee. Baadhi ya familia huitenga droo moja na kuiita ya mgonjwa, na mgonjwa huyo aghalabu ni mwenye kifua kikuu au anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza. Hakiambukizwi kwa sahani wala kijiko. Virusi vya UKIMWI havienei kwa kushirikiana vyombo, wala homa ya ini aina ya B haienei kwa njia hiyo. Kumtengea mtu droo hakumkingi yeyote. Kunamwambia mgonjwa, mara tatu kwa siku, kwamba amekuwa najisi nyumbani kwake. Fedha na bidii hiyo zielekezwe kwenye kufungua madirisha na kuhakikisha dawa zinamezwa. Magonjwa yanayohusiana kweli na vyombo na mikono michafu ni yale ya kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na homa ya ini aina ya A, na kwa hayo droo yoyote yenye maji ya moto inatosha, pamoja na mikono iliyonawa ya yule anayevitoa vyombo.

Mwenye ukurutu wa mikono hunufaika kwa uhakika. Kulowesha mikono mara kwa mara katika maji ya sabuni huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na hakuna krimu itakayoshinda chanzo kinachorudiwa kutwa mara tatu. Hata hivyo anapojaza sabuni ya mashine avae glavu, maana hiyo ni kali zaidi ya ile aliyoikimbia. Wapo pia wanaouliza kuhusu mzio wa watoto. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya watoto 1,029 wa miaka 7 na 8, wakionesha kwamba waliotoka katika nyumba zinazoosha vyombo kwa mikono walikuwa na maradhi machache ya mzio. Utafiti wa namna hiyo huonesha mambo mawili yanayofuatana, haudhihirishi kwamba moja limezaa jingine, na familia zisizo na mashine hutofautiana na zenye mashine kwa mengi. Sioni kwamba ni sababu ya kumkataza mtu kununua.

Ndani ya mashine yenyewe huishi kuvu. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Slovenia na kuchapishwa mwaka 2011, ukihusu mashine 189 kutoka nchi 18, ulikuta kuvu katika mipira ya kuzibia ya zaidi ya nusu ya mashine hizo, akiwamo kuvu mweusi aitwaye Exophiala dermatitidis, anayestahimili joto, chumvi na sabuni kali. Kwa mtu mwenye kinga timamu hatari yake ni ndogo sana. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu au aliyepungukiwa kinga ni busara mtu mwingine aifungue mashine, na aifungue ikiwa imepoa, jambo ambalo pia humwepusha na mvuke wa moto usoni. Mpira ufutwe kwa kitambaa kikavu kila wiki na chujio litolewe na kuoshwa.

Sasa nije kwenye hatari niliyoitaja mwanzoni. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mikono huwa na kipimo cha pH cha 7 hadi 9 hivi. Sabuni ya mashine, iwe ya unga, ya majimaji au ya vidonge, aghalabu huwa kati ya 10 na 12, na nyingine huvuka hapo. Ni alikali, nayo hubabua kwa namna tofauti na tindikali: huyeyusha mafuta na protini za tishu, kisha huzama zaidi na zaidi. Kidonge cha rangi mbili zinazong'aa hufanana na peremende. Mlango wa mashine ya kawaida ni mzito kwa mtoto. Droo huteleza kwa kidole kimoja, na ya chini ikivutwa hukaa karibu na kifua cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, pamoja na kisanduku cha sabuni na ncha za visu. Madaktari wa Australia waliandika tangu mwaka 1989 kuhusu watoto waliobabuka umio kwa sabuni hii, na tope la sabuni linalosalia kisandukuni baada ya kuosha ni hatari sawa na sabuni mpya.

Basi sabuni itiwe dakika ile ile mashine inapowashwa, si kabla. Visu vitazame chini. Kufuli ya watoto, ambayo mashine nyingi za aina hii huwa nayo, itumike kila mara. Pakiti ikae kabati la juu katika chombo chake cha asili. Kuihamishia katika chupa ya soda, kama inavyofanywa na sabuni nyingi zinazouzwa kwa kupimwa mitaani, ni kumtegea mtoto.

Mtoto akila sabuni hii, mtoe masalia mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye maji, msuuze mdomo, na kama anameza vizuri apewe mafunda machache ya maji. Asitapishwe kwa namna yoyote, kwa kuwa kilichoshuka kikibabua kitapanda kikibabua tena. Asipewe ndimu wala siki kwa nia ya kuzimua alikali. Asijazwe maziwa wala mafuta. Ikimwingia machoni, maji safi yatiririke juu ya jicho kwa dakika 20 kabla ya safari. Kisha aende hospitali, na pakiti ya sabuni iende naye.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mkaa wa dawa haufai hapa, na mpira wa kulishia usipitishwe puani kwa kubahatisha. Mdomo usio na kidonda hauthibitishi kwamba umio uko salama. Mtoto anayetoa udende, anayetapika, anayekataa kumeza au anayekoroma anapovuta pumzi apewe rufaa mara moja, njia ya hewa ikitangulizwa, ili umio utazamwe kwa endoskopia ndani ya saa 24. Asiye na dalili yoyote ana uwezekano mdogo wa jeraha kubwa, lakini aangaliwe kwa saa kadhaa na ajaribiwe kunywa kabla ya kuruhusiwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni wiki zinazofuata. Mtoto hupata nafuu, hula, familia hushukuru. Kovu nalo huendelea kuubana umio kimyakimya. Kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu huanza kutema ugali, kisha uji, na wapo wanaoletwa kwetu wakiwa wamekonda kwa sababu nyumbani ilidhaniwa ni ukaidi wa chakula. Kuupanua umio uliokwisha kubanwa huhitaji kurudiwa mara nyingi, pengine kwa miaka. Kwa hiyo kila mtoto aliyekutwa na jeraha la umio aondoke wodini akiwa na tarehe ya kurudi wiki ya tatu, na mzazi aelezwe kwa maneno mepesi kwamba mtoto akianza kuchagua vyakula laini tu, asiingoje tarehe hiyo.