Injini Ipi kwa Datsun 240Z? Anza na Difu

Safari Rally ya Afrika Mashariki ya mwaka 1973 ilimalizika kwa sare. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na msoma ramani Lofty Drews, aliendesha Datsun 240Z yenye silinda sita na lita 2.4. Harry Källström wa Sweden aliendesha Datsun 1800 SSS yenye silinda nne na lita 1.8. Adhabu zao zililingana, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Baada ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi, zaidi ya nusu lita ya ziada ilishindwa kuyatenganisha magari hayo mawili.

Matokeo hayo yana somo kwa yeyote anayeifufua 240Z leo. Mwili ukishanyooshwa na kutu kukatwa, swali la kwanza la wengi huwa ni farasi wangapi wanaweza kuingia chini ya boneti. Swali hilo ni halali, ila limekuja mapema mno. Gari huendeshwa na mguso wa tairi na barabara, na kati ya pistoni na tairi kuna klachi, giaboksi, propela shafti, difu na shafti za magurudumu. Anayechagua injini bila kuhesabu mnyororo huo hununua nguvu asiyoweza kuitumia, au nguvu itakayovunja kiungo kilicho dhaifu.

Tuanze na gari lenyewe. Fairlady Z, kama ilivyoitwa Japani, ilitoka mwishoni mwa 1969. Kwa soko la nje iliitwa 240Z na kupewa injini ya L24: sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili na nguvu farasi 151. Kipimo hicho cha Marekani cha enzi zile kilichukuliwa injini ikiwa juu ya stendi, haijabebeshwa vifaa vyote vinavyoila nguvu garini, kwa hiyo si haki kukilinganisha moja kwa moja na takwimu za magari ya leo. Siri ya gari hili ilikuwa uzito wake, uliozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Kiwanda chenyewe nacho kilijaribu moyo mwingine: Z432 ilipata injini ya S20 ya lita 2, na jina lake lilitokana na vali nne kwa kila silinda, kabureta tatu na kamshafti mbili.

Sasa hesabu. Torki ni nguvu ya kusokota, nayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Nguvu farasi huonyesha kazi inayofanywa na torki hiyo kwa kasi fulani ya mzunguko. Ukizidisha torki kwa nyutoni-mita na mizunguko kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 9,549, unapata nguvu hiyo kwa kilowati. Ndiyo maana injini mbili zenye farasi sawa zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa: moja inavuta tangu mizunguko 2,000, nyingine inalala hadi 5,000. Kwa gari la barabarani, linalotoka kwenye kona na kupanda milima, umbo la torki lina maana kuliko kilele cha farasi.

Giaboksi na difu huizidisha torki hiyo. Chukua giaboksi ya gia tano iliyotumika katika Z za baadaye: gia ya kwanza ni 3.321, ya tano ni 0.864. Ioanishe na difu yenye uwiano wa 3.9. Torki ya L24, takriban nyutoni-mita 198, hufika kwenye shafti za magurudumu ikiwa imezidishwa karibu mara 13, yaani zaidi ya 2,500 kabla ya kuondoa msuguano. Sasa tazama gia ya tano: 3.9 mara 0.864 ni 3.37. Magari ya gia nne yaliyouzwa Marekani yalikuwa na difu ya 3.364 na gia ya juu ya moja kwa moja. Tairi likisafiri mita 2 kwa kila mzunguko, magari yote mawili hukimbia kilomita 100 kwa saa injini ikizunguka takriban mara 2,800 kwa dakika. Safari ndefu haipotezi utulivu, ilhali gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi ya gia tano nayo ni ya moja kwa moja, inavuta kwa nguvu zaidi kwa sababu ya difu ya 3.9. Faida hiyo imepatikana bila kugusa hata pistoni moja.

Ndipo tuje kwenye injini. L28, iliyoingia na 280Z ya mwaka 1975, ina sentimita za ujazo 2,753, ongezeko la asilimia 15. Ni ndugu wa damu wa L24: hukaa kwenye mauntingi zilezile na hufungwa giaboksi zilezile. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja husawazisha mitikisiko yake zenyewe, na ulaini huo ni sehemu ya utu wa Z.

Chaguo jingine ni RB26DETT ya Skyline GT-R, lita 2.6 na turbo mbili, iliyotangazwa kuwa na farasi 280. Pia ni silinda sita za mstari, lakini bloku yake ni ya chuma cha kalibu, na pamoja na turbo na mabomba yake huongeza uzito mbele. LS1 ya Chevrolet Corvette ya mwaka 1997, V8 ya lita 5.7, ina bloku ya alumini na ni fupi, hivyo inaweza kukaa nyuma karibu na ukuta wa kabini. Uzito wake haupishani sana na wa injini ya awali ya chuma. Tatizo lake ni torki: takriban nyutoni-mita 475. Pamoja na giaboksi ya T56 yenye gia ya kwanza ya 2.66, na difu ya 3.364, shafti hupokea zaidi ya 4,200. Difu ya awali ya 240Z, R180, inaitwa hivyo kwa kipenyo cha gia yake kubwa, takriban milimita 180, nayo haikuundwa kwa mzigo huo. Lazima difu ya R200 ya 280Z iingie, pamoja na shafti nene, breki kubwa, rejeta mpya na vyuma vya kuimarisha mwili usijipinde. Faida yake ni kubwa: gia ya sita ya 0.50 huishusha injini hadi mizunguko 1,400 hivi kwa dakika gari likienda kilomita 100 kwa saa.

Mwinuko nao una kura. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hiyo L28 jijini Nairobi huvuta hewa karibu sawa na L24 ikiwa Mombasa. Turbo iliyochaguliwa vizuri huufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi.

Kwa wengi, jibu langu ni L28, gia tano na difu ya 3.9. Mchanganyiko huu unaongeza mvuto pale unapohitajika, unaacha uzito mahali pake, na fundi mzuri anaweza kulirudisha gari kama lilivyokuwa bila kukata chuma. Anayetaka V8 simkatazi, bali ainunue pamoja na mnyororo wake wote. Amua kwanza gari litatembea wapi na kwa kasi gani, chagua uwiano wa difu na gia, pima torki ambayo shafti na mwili vinaistahimili, kisha tafuta injini inayoitoa torki hiyo. Ukifuata mpangilio huo, kila shilingi inayoingia gereji itafika hadi kwenye tairi.