Kurudi Kwenye Baiskeli Utu Uzimani

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako ipo baiskeli iliyoegemezwa ukutani kwa miaka mingi? Pengine uliiacha ulipopata kazi nyingine, au watoto walipokua wakawa wanakwenda safari kwa niaba yako. Sasa unataka kuipanda tena. Zahanati iko mbali, shamba liko mbali, na nauli ni ghali. Unajiuliza: "Je, bado naweza?"

Watu wengi wanaweza. Aliyewahi kujua kuendesha baiskeli hasahau. Kazi kubwa ni kusimama. Katika utu uzima jicho huchelewa kuona shimo, na mkono huchelewa kushika breki. Mfupa nao ukivunjika huchukua muda mrefu kuunga. Kwa hiyo jifunze kusimama kabla ya kwenda mbali.

Kwanza, tengeneza baiskeli

Anza na breki. Mipira ya breki iliyokaa miaka mingi huwa migumu, haishiki. Inunue mipya. Kisha kamata breki ya mbele na uisukume baiskeli. Gurudumu la mbele lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa breki ya nyuma.

Kagua tairi kama zina nyufa. Zijaze upepo jioni. Kama asubuhi zimelegea, tyubu au valvu inavuja.

Sugua kutu ya mnyororo, ufute, kisha tia oili kidogo. Oili isiguse rimu, kwa sababu breki itateleza.

Shusha kiti mpaka nyayo zako ziguse chini ukiwa umekaa. Ukishazoea, kipandishe kidogo kidogo, kwani kiti kifupi huumiza magoti.

Pili, tafuta vifaa

Uwe na pampu, viraka na gundi yake, spana, na kengele. Weka taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Ukiweza, pata kofia ngumu. Kofia haizuii kuanguka, lakini hulinda kichwa. Funga mguu wa suruali kwa kamba. Mama, kaza kanga yako, ncha isiingie kwenye mnyororo.

Tatu, angalia mwili wako

Kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, au unapata kizunguzungu, muone tabibu kwanza. Ukiwa njiani, kifua kikibana, simama, kaa chini na uombe msaada upelekwe hospitali.

Nne, jifunze kusimama

Nenda kwenye uwanja wakati hauna watu. Kaa kitini, usikanyage pedeli. Sukuma ardhi kwa miguu, uende polepole. Baadaye kanyaga pedeli, chagua jiwe lililo mbele yako, na usimame hapo. Rudia mara kumi. Tumia breki zote mbili. Ukikamata ya mbele peke yake kwa nguvu kwenye mteremko, unaweza kurushwa. Mvua ikinyesha, breki hushika kwa shida, kwa hiyo zikamate mapema. Penye mchanga mwingi, shuka ukokote.

Wiki za mwanzo usibebe mzigo wala mtu.

Mzee mmoja wa darasa letu, mwenye miaka 63, hakutaka kuanza hivyo. Siku ya kwanza alifunga gunia nyuma, akashuka mlima, akaishia mtaroni. Hakuvunjika, lakini watoto walimcheka. Aliona haya, akaiacha baiskeli miezi mitatu. Siku za kliniki alikuwa akimngoja mjukuu wake ampeleke. Mjukuu asipokuja, dawa zilimwishia. Mwishowe alikwenda uwanjani alfajiri, peke yake, akaanza na jiwe. Siku hizi huenda kliniki mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate mazoezi ya wastani ya dakika 150 au zaidi kwa wiki. Safari ya baiskeli kwenda shambani na kurudi ni mazoezi hayo, na kazi yako inafanyika.

Ndugu msomaji, usione haya kuanza upya. Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unajua jinsi ya kuanza.

Maswali

1. Kwa nini tusitie oili kwenye rimu?
2. Mzee alikosea nini siku ya kwanza?
3. Jadilianeni: ni njia gani ya kijiji chenu iliyo hatari kwa mwendesha baiskeli, na mnaweza kuitengeneza vipi?